Kantangaze: Nondo wa nyanya aliyerudishiwa jina la mwaka 1917

Mkulima wa nyanya wa Arumeru au Ilula hahitaji kuelezwa kantangaze ni nani. Anamjua kwa kazi yake. Jani linaanza kwa baka dogo jeupe. Ukiliinua juani mwanga unapenya, na humo ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, yumo kiwavi mdogo anayekula nyama ya jani na kuacha kinyesi cheusi nyuma yake. Siku chache zikipita, baka limeenea jani zima na jani limekauka. Tunda lililokuwa limeanza kuiva lina kitundu karibu na kikonyo, na ukilipasua unakuta uozo. Tenga la nyanya za namna hiyo halina mnunuzi.

Kwa maafisa ugani na wenye maduka ya pembejeo, mdudu huyo ni Tuta absoluta, na nchini Kenya wengi wamelifupisha wakasema Tuta tu. Jina hilo limeandikwa kwenye chupa za viuatilifu, pakiti za mitego, vipeperushi vya mafunzo na mabango ya mashamba darasa. Mwaka 2021, hata hivyo, watafiti wawili, Chang na Metz, walichapisha makala katika jarida la Chama cha Wanasayansi wa Wadudu cha Washington, Marekani, wakisema mdudu huyu hastahili kuwa katika jenasi ya Tuta. Wakamrudisha kwenye Phthorimaea, jenasi ile ile aliyowekwa siku alipopewa jina kwa mara ya kwanza, mwaka 1917.

Ushahidi wao haukuwa wa vinasaba. Ulitoka kwenye maumbile ya mdudu mwenyewe, na sehemu kubwa ya maumbile yenye uzito katika kundi hili ni viungo vya uzazi, ambavyo bila hadubini havionekani.

Mwenye ekari moja ya nyanya ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Kiwavi atabadilika tabia kwa kuwa amebadilishiwa jina? Hatabadilika. Lakini jina la kisayansi lina kazi mbili: linamtaja mdudu, na papo hapo linadai kwamba mdudu huyo ni ndugu wa wadudu fulani na si wa wengine. Dai hilo likiwa la kweli, linatuonyesha pa kutafuta maadui wake, magonjwa yake na mimea anayoweza kuihamia. Likiwa la uongo, linatupeleka kwenye mlango usio wake.

Mwalimu na lenzi yake

Aliyempa mdudu huyu jina ni Edward Meyrick, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1938. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha Kigiriki na Kilatini katika shule ya Marlborough. Nondo aliwashughulikia baada ya darasa, na alifanya hivyo kwa bidii isiyo ya kawaida. Nondo wadogo aliowaeleza na kuwapa majina wanazidi 14,000, wengi wao wakitoka nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Wakusanyaji wa India, Afrika Kusini na Amerika ya Kusini walimtumia vijisanduku vya wadudu waliokaushwa na kuchomwa pini, naye akawapanga, akawaeleza na kuchapisha.

Katika maelezo yake ya mwaka 1917 kuhusu nondo wa Amerika ya Kusini, alikuwamo mmoja kutoka Huancayo, mji wa milima ya Andes nchini Peru, ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Meyrick alimwita Phthorimaea absoluta. Jenasi ya Phthorimaea alikuwa ameianzisha mwenyewe mwaka 1902, akiisimika juu ya nondo wa viazi mviringo, Phthorimaea operculella, ambaye wakulima wa Nyanda za Juu Kusini na wa Nyandarua wanamfahamu kwa kutoboa viazi vilivyohifadhiwa ghalani.

Meyrick alitazama kwa lenzi ya mkono. Alichunguza rangi ya mabawa, mpangilio wa mishipa ndani ya mabawa, umbo la vipapasio na vijimkono vya mdomoni. Katika usomaji wa mishipa ya mabawa alikuwa miongoni mwa waliotangulia duniani. Lakini wenzake walipoanza kupasua matumbo ya nondo ili kusoma viungo vya uzazi, yeye hakuufuata mtindo huo. Aliendelea na njia yake hadi mwisho, na matokeo yake ni kwamba jenasi zake nyingi zilikuwa pana mno: ndani yake waliingizwa nondo wanaofanana kwa sura lakini wasio na nasaba ya karibu.

Jenasi tano

Mkusanyo wa Meyrick ulihifadhiwa katika jumba la makumbusho la London, na kazi ya kuupitia upya ikamwangukia Mmarekani J. F. Gates Clarke wa Taasisi ya Smithsonian. Kati ya mwaka 1955 na 1970 Clarke alitoa katalogi ya juzuu nane, yenye picha za vielelezo vya Meyrick, mabawa yao na viungo vyao vya uzazi. Kwa mara ya kwanza wataalamu waliokuwa mbali na London waliweza kuona ndani ya matumbo ya nondo ambao Meyrick aliwatazama kwa nje tu. Katika miaka hiyo ya 1960 Clarke alimhamishia nondo wa Huancayo kwenye jenasi ya Gnorimoschema.

Naye Dalibor Povolný, mtaalamu wa Kicheki aliyebobea katika ukoo wa Gnorimoschemini, ambao nondo wa nyanya na nondo wa viazi wote wamo, alikuwa na maoni mengine. Mwaka 1964 alimweka katika Scrobipalpula. Mwaka 1987 akamtoa humo akampeleka Scrobipalpuloides. Mwaka 1994 akamtoa tena akamweka Tuta, jenasi iliyoanzishwa mwaka 1910 na Kieffer na Jörgensen kwa ajili ya nondo wa Argentina aitwaye Tuta atriplicella. Jina hilo la mwisho ndilo lililoshika, kwa sababu miaka michache baadaye mdudu huyu alivuka bahari na dunia nzima ikamjua kwa jina alilokuwa nalo wakati huo.

Hesabu hiyo inatoa jenasi tano kwa mdudu mmoja katika muda usiofika miaka 80. Athari zake zipo hadi leo kwenye kumbukumbu za karantini. Shirika la afya ya mimea la Ulaya na Mediterania, EPPO, humpa kila mharibifu alama ya herufi, na alama ya mdudu huyu ni GNORAB, inayotokana na Gnorimoschema absoluta, jina ambalo hata maafisa wengi wanaoitumia alama hiyo hawajapata kuliandika.

Ikumbukwe kwamba Povolný hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipasua, akachora na kulinganisha viungo vya uzazi vya mamia ya nondo, tofauti kabisa na Meyrick. Kama alitazama viungo vile vile walivyokuja kuvitazama Chang na Metz, kwa nini alifika kwingine? Jibu linahitaji kwanza kuona viungo vyenyewe.

Ndani ya tumbo la nondo

Nondo wa kantangaze ana urefu wa milimita tano hadi saba, na mabawa yake yakitandazwa hufika kama milimita kumi. Rangi yake ni kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, yenye madoa meusi kwenye mabawa ya mbele. Mchana hujificha chini ya majani, jioni na alfajiri ndipo anaporuka. Nondo wadogo wa sura hiyo hiyo wako wengi. Na yule anayenaswa kwenye mtego wenye gundi hali yake huwa mbaya zaidi: vumbi la mabawa limefutika, madoa yamepotea, kilichobaki ni kijidudu cha kijivu kilichoganda kwenye karatasi.

Hapo ndipo mtaalamu anapoligeukia tumbo. Analikata kwa koleo nyembamba, analitumbukiza katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10 na kulipasha moto kwa dakika chache. Misuli na mafuta huyeyuka. Kinachobaki ni ngozi ya tumbo na sehemu zake ngumu, ambazo myeyusho hauzidhuru. Analihamishia kwenye maji, analifagia vumbi kwa brashi yenye nywele chache, na kwa sindano mbili anavivuta viungo vya uzazi vitoke. Anavitia rangi ili vionekane, anavitandaza kwenye kioo na kuvifunika kwa utomvu angavu. Kioo hicho, kikihifadhiwa vizuri, kinaweza kusomwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Hata nondo aliyekaa kwenye pini kwa miaka 100 anaweza kufanyiwa kazi hiyo na akatoa jibu.

Chini ya hadubini, dume wa kantangaze anaonyesha jozi ya vishikio vya kumshikia jike, ambavyo wataalamu huviita valva. Vina umbo la kidole, vimeota nywele kwenye ncha na upande wa ndani vimevimba kidogo. Katikati yake uko uume mnene, ambao sehemu yake ya nyuma imefumuka. Juu yake kuna kifuniko, chini yake kuna ukingo mpana unaobeba viungo vyote. Jike ana mfuko wa kupokelea mbegu za dume, na kwenye ukuta wa mfuko huo kuna kijino kigumu kilichopinda mithili ya ndoana.

Viungo hivi vina thamani kubwa kwa mwainishaji kwa sababu hubadilika upesi kutoka spishi moja hadi nyingine, hata pale ambapo mabawa yamebaki vile vile. Mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour alieleza kwamba dume na jike wa spishi moja wanaingiana kwa namna ambayo wa spishi nyingine hawawezi. Wanasayansi wa baadaye, akiwamo William Eberhard katika kitabu chake cha mwaka 1985, walisema sababu kubwa zaidi ni majike kupendelea madume wa maumbo fulani, kizazi baada ya kizazi. Wanabishana kuhusu chanzo, lakini kuhusu matokeo hawana ubishi: nondo wawili wasiotofautika kwa macho mara nyingi hutofautika wazi wakipasuliwa.

Kufanana si undugu

Sasa turudi kwa Povolný. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtaalamu wa nondo alipima undugu kwa uzoefu wake. Alitazama mamia ya michoro, akaona hawa wanakaribiana na wale wameachana, akaamua. Uamuzi wa mtu mwenye uzoefu una thamani, lakini haukaguliki. Akibadili mawazo, kama Povolný alivyofanya mara mbili, msomaji hana njia ya kujua ni kipimo gani kilichobadilika.

Mjerumani Willi Hennig, katika kitabu alichokitoa mwaka 1950, alidai utaratibu mwingine. Alisema kufanana kwenyewe si ushahidi wa undugu wa karibu. Kuna sifa ambazo ukoo mzima umezirithi kwa babu wa mbali, na hizo hazitofautishi mtu na mtu. Ushahidi ni sifa mpya, iliyozuka kwa babu wa karibu na kuonekana kwa wajukuu wake peke yao. Watu wawili kuwa na vidole vitano hakutuambii lolote kuhusu baba yao. Lakini wote wawili wakiwa wamezaliwa na kidole cha sita mkono wa kushoto, swali la baba linakuja lenyewe.

Chukua kile kijino kilichopinda kwenye mfuko wa jike. Karibu ukoo wote wa Gnorimoschemini wanacho. Kwa hiyo kinathibitisha kwamba kantangaze ni wa ukoo huo, lakini hakisemi ni wa nyumba ipi. Anayetaka kujua nyumba lazima atafute alama nyingine, azipange katika jedwali, spishi baada ya spishi, sifa baada ya sifa: ipo au haipo, ina umbo hili au lile. Kisha kompyuta inatafuta mti wa nasaba unaoeleza jedwali zima kwa mabadiliko machache kuliko miti mingine. Msomaji yeyote anaweza kulichukua jedwali hilo, akapinga alama moja na kurudia hesabu.

Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na Chang na Metz. Mti wao ulimweka kantangaze pamoja na Phthorimaea, akiwa ndugu wa nondo wa viazi. Hilo lilimaliza suala la jina kwa sababu ya kanuni moja ya majina ya wanyama: jina la jenasi ni mali ya spishi iliyoanzishiwa jenasi hiyo. Tuta ni mali ya atriplicella wa Argentina. Asiyekuwa wa nyumba ya atriplicella hawezi kuitwa Tuta, hata kama maduka yote ya pembejeo kutoka Nairobi hadi Mbeya yamelizoea jina hilo.

Kuna alama ndogo ya uandishi inayoonyesha safari nzima. Kwa kanuni, jina la mwandishi wa kwanza likifuata jina la spishi huwekwa kwenye mabano iwapo spishi hiyo imehamishwa kutoka jenasi yake ya awali. Kwa hiyo vitabu viliandika Tuta absoluta (Meyrick). Sasa vinaandika Phthorimaea absoluta Meyrick, na mabano yameondoka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Je, mwalimu wa Marlborough alikuwa sahihi tangu mwanzo? Alipatia, lakini hakuthibitisha. Phthorimaea ya wakati wake ilikuwa pana kiasi kwamba nondo wengi waliowekwa humo wametolewa na hawatarudi. Kantangaze amerudi kwa ushahidi ambao Meyrick mwenyewe alikataa kuutazama.

Faida kwa mwenye shamba

Wakati wataalamu wakihamisha jina, mdudu alihama bara. Amerika ya Kusini alikuwa ameshajulikana kuwa mharibifu wa nyanya tangu miaka ya 1960. Mwaka 2006 aligunduliwa mashariki mwa Hispania. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wavamizi wa eneo la Mediterania walitokana na kuingizwa mara moja tu, kutoka katikati ya Chile. Kutoka Hispania alishuka Afrika Kaskazini, akapita Sudan na Ethiopia, na mwaka 2014 alithibitishwa Kenya na Tanzania. Mwaka uliofuata alikuwa Uganda, na mwaka 2016 Zambia, Msumbiji na Afrika Kusini. Mei mwaka huo jimbo la Kaduna nchini Nigeria lilitangaza hali ya dharura kwa ajili yake, na watu wakamwita Ebola ya nyanya.

Kasi hiyo ina sababu. Jike mmoja aweza kutaga hadi mayai 260, na penye joto mzunguko wa yai hadi nondo hukamilika kwa takriban wiki nne, hivyo kwa mwaka vizazi vinaweza kufika 10 au 12. Kiwavi amejificha ndani ya jani ambako dawa ya kunyunyizia haimfikii kirahisi, na katika nchi mbalimbali ameshajenga usugu dhidi ya makundi kadhaa ya viuatilifu. Shamba lisilohudumiwa linaweza kupotea lote.

Dawa zikishindwa, watu hutafuta maadui wa asili, na hapo nasaba inaanza kulipa. Nondo wa viazi ana ugonjwa wake, kirusi cha kundi la granulovirusi ambacho kimetafitiwa kwa miaka mingi. Watafiti wa Amerika ya Kusini walipokijaribu kwa kiwavi wa kantangaze, waliona kinamwambukiza naye, na dawa ya kibayolojia iliyotengenezwa kwa kirusi hicho imeshafika katika soko la Kenya kwa ajili ya nyanya. Kirusi hiki hakimdhuru nyuki wala binadamu, kwa sababu wadudu kinaowaweza ni nondo wachache wa ukoo huo mmoja.

Mfano wa pili ni nyigu. Mwaka 2017 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Kasarani, Nairobi, kilileta kutoka kituo cha kimataifa cha viazi nchini Peru nyigu mdogo aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris. Jike wa nyigu huyu humtafuta kiwavi mchanga ndani ya jani, humtaga yai mwilini, na mtoto wake humla kiwavi kwa ndani hadi amuue. Baada ya vipimo, nyigu huyo aliachiwa mashambani Kenya. Alitafutwa Peru kwa sababu ndiko alikotokea mdudu mwenyewe, na alipatikana katika taasisi ya viazi kwa sababu wataalamu wa viazi wamepambana na ukoo huu kwa miongo mingi. Naye pia amewahi kuhamishwa jenasi: zamani aliitwa Apanteles.

Undugu hauhakikishi kwamba kila adui wa nondo wa viazi atamla nondo wa nyanya. Unachofanya ni kuonyesha pa kuanzia. Zambia, kwa mfano, ilipokea katika miaka ya 1960 nyigu kutoka Amerika ya Kusini kwa ajili ya nondo wa viazi, na kazi yao ilisifiwa. Maandishi ya mradi kama huo yakisomwa leo na mtu anayejua kwamba kantangaze ni wa jenasi hiyo hiyo, yana maana nyingine. Aliyeamini kuwa ni Tuta asingeyafungua.

Kuna pia gharama ya kutopasua. Funza wa vitumba anayeharibu pamba ya Kanda ya Ziwa aliitwa Heliothis hadi Mkanada D. F. Hardwick, mwaka 1965, alipomtenga katika jenasi ya Helicoverpa kwa kusoma viungo vya uzazi vya dume na jike. Spishi yetu, Helicoverpa armigera, na ile ya Amerika, Helicoverpa zea, haziachani kwa macho. Kinachozitenganisha ni viungo vya dume. Mwaka 2013 Brazil ilitangaza kwamba armigera yumo mashambani mwake. Kwa kuwa zea alikuwa mwenyeji anayefanana naye kabisa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtilia shaka mgeni mpaka uharibifu ulipozidi.

Kwetu hali ni hiyo hiyo. Mitego ya harufu ya kantangaze inaweza kunasa nondo wengine wadogo wanaofanana naye. Afisa anayehesabu nondo 40 kwenye mtego na kuamuru dawa, bila yeyote kupasua hata mmoja, anaweza kuwa amehesabu wadudu wasiokula nyanya.

Nani atapasua?

Wanaoijua kazi hii katika Afrika Mashariki ni wachache, na haihitaji mitambo ya mabilioni. Inahitaji hadubini, kemikali za bei nafuu, mkusanyo wa vielelezo vilivyotambuliwa, na zaidi ya yote, macho yaliyofundishwa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, icipe, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania iliyopo Arusha, ndiko kunakopaswa kuwa na watu hao, na vyuo vikuu vya Sokoine, Egerton na Makerere ndivyo vya kuwazalisha. Kila mdudu vamizi anayeingia, kama kiwavijeshi vamizi alivyoingia baada ya kantangaze, swali la kwanza ni moja: huyu ni nani, na ndugu zake ni akina nani? Nchi isiyoweza kulijibu yenyewe hutuma sampuli ng'ambo na kusubiri, huku mdudu hasubiri.

Kwa sasa majina mawili yanatembea pamoja. Tafiti nyingi mpya zinaandika Phthorimaea absoluta, ilhali vibandiko vya dawa, vipeperushi na baadhi ya wataalamu bado wanaandika Tuta absoluta. Taasisi zinazotoa vipeperushi zingefanya vyema kuandika yote mawili kwa miaka michache ijayo, ili anayetafuta taarifa kwa jina moja asizikose za jina jingine.

Nawe mkulima, ukikuta Phthorimaea absoluta kwenye chupa au pakiti ya mtego, usidhani umeletewa mdudu mpya, wala usikubali kuuziwa dawa mpya kwa kisingizio cha jina. Ni kantangaze yule yule. Endelea kung'oa na kuteketeza masalia ya mavuno, kubadilisha makundi ya viuatilifu, kukagua majani ya chini, na usipande nyanya jirani na shamba la viazi bila kulikagua nalo, kwa maana kantangaze hushambulia viazi pia.